Safari yako na mtoto mdogo: abaki nyumbani, apelekwe kwa ndugu, au mwende pamoja?

Tarehe ya safari imeshapangwa, mtoto hajafika miaka mitano, na kichwani kuna njia tatu zinazogombana. Ya kwanza: abaki kwenye nyumba yake na mzazi mwenzako, au na mtu atakayehamia hapo kwa muda. Ya pili: apelekwe kwa bibi, shangazi au ndugu mwingine mpaka urudi. Ya tatu: mwende naye, na huko apatikane wa kumshika wakati uko kazini. Kila njia ina watu wanaoiapia, na karibu wote wanasimulia mtoto wao na safari yao.

Kwa hiyo tunaanza na vigezo, kisha njia zote tatu zinapitishwa humo humo: mikono itakayomlea, umri wake na idadi ya siku, usingizi, maziwa, ugonjwa, simu, na siku ya kurudi. Vigezo hivi havilingani uzito. Cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na wazazi wengi hukifikiria mwisho, baada ya begi kufungwa.

Mikono mingapi?

Miaka ya 1960, James na Joyce Robertson, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi London, walichukua nyumbani kwao, kwa nyakati tofauti, watoto wadogo ambao mama zao walikuwa wamelazwa hospitali. Waliwazoesha kwanza, kisha wakawalea na kuandika hali zao siku baada ya siku. Wakamfuatilia pia mtoto wa miezi 17 aliyekaa siku 9 kwenye kituo cha watoto, ambako wauguzi walipokezana zamu. Watoto waliolelewa na mtu mmoja waliyemzoea walisononeka, lakini waliendelea kula na kucheza. Yule wa kituoni alijaribu kumng'ang'ania kila muuguzi, zamu ikabadilika kila mara, mwisho akajilaza kwenye mwanasesere mkubwa wa dubu na kukataa chakula. Mama aliporudi alilia na kumsukuma.

Funzo la hapo ni la hesabu: kuondoka kwako ni jambo moja, na kupita mikononi mwa watu wengi ni jambo la pili, na hili la pili unaweza kulizuia. Chukua karatasi, andika siku nzima ya mtoto kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi ya kesho yake, na kila anapobadilisha mtu chora mstari.

*Abaki nyumbani.* Wengi hudhani hapa mkono ni mmoja kwa sababu baba au mama mwingine yupo. Karatasi husema tofauti: mzazi anamwamsha, jirani anampeleka shule ya awali, binamu anamchukua, mlezi wa jioni anamwogesha, mzazi anarudi usiku mtoto ameshalala. Mistari minne. Dawa yake ni mzazi anayebaki kuomba ruhusa ya kutoka kazini mapema siku hizo, au mlezi mmoja kushika mchana wote. Anayemlaza na anayemwamsha awe mtu yule yule. Hilo lisijadiliwe.

*Aende kwa ndugu.* Nyumba imejaa watu, na hapo ndipo tatizo lilipo: kila mmoja anadhani mwenzake amemlisha. Mteue mmoja kwa jina, tena mwambie mbele ya wengine kwamba huyu ndiye. Wengine wacheze naye, huyo amlishe, amwogeshe, amlaze. Faida ya njia hii ni kwamba mteule akichoka kuna wa kumpokea kwa saa moja au mbili, na mtoto anamjua pia.

*Mwende pamoja.* Usiku mikono ni yako, na hakuna cha kulinganisha na hilo. Mchana ni habari nyingine. Mlezi wa kukodiwa kule ugenini ni mgeni katika mahali pageni, na mambo hayo mawili kwa pamoja humlemea hata mtoto mchangamfu. Njia hii inakamilika pale unaposafiri na mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Bila huyo, hesabu saa ambazo mtoto atakuwa na mgeni kwa siku. Zikizidi zile atakazokuwa macho na wewe, umembeba bure.

Mlezi yeyote, wa njia yoyote, aanze wiki mbili kabla. Siku tatu za kwanza amlishe wewe ukiwa umekaa pembeni. Kisha amwogeshe na kumlaza, wewe ukiwa chumba cha pili. Kisha utoke saa moja, urudi. Nusu siku, urudi. Halafu usiku mmoja mzima wa majaribio, angalau siku nne kabla ya safari, ili kikiharibika kitu kuwe na nafasi ya kukirekebisha. Kosa linaloharibu yote haya ni kutoroka mtoto akiwa amelala au amegeuzwa uso. Ndiyo, siku hiyo hatalia. Lakini anajifunza kwamba unaweza kupotea wakati wowote, na ukirudi atakufuata hadi mlango wa choo. Muage kwa sentensi moja au mbili, mkabidhi mikononi mwa mlezi, ondoka. Kurudi mlangoni kumbembeleza mara ya pili huongeza kilio.

Umri na idadi ya siku

Chini ya miezi 6, mtoto hubembelezwa na mikono mingi bila shida kubwa; kikwazo chake ni maziwa. Hofu ya kuachwa huanza kati ya miezi 6 na 8, hupanda sana kati ya miezi 10 na 18, na kwa wengi hupoa kuelekea miaka mitatu. Katika kilele hicho mtoto anajua kwamba haupo lakini hana namna ya kujua kwamba utarudi. Wa miaka miwili au mitatu anaelewa maneno ila hana kalenda. "Siku nne" kwake ni sauti tu, "utalala mara nne" ni kitu. Wa miaka minne na kuendelea anahesabu, lakini anaweza kuamini umeondoka kwa sababu alikuwa mtukutu. Huyu aambiwe sababu ya safari waziwazi.

Safari ya usiku 1 hadi 3: kubaki nyumbani kuna faida iliyo wazi, kwani kumhamisha na kumrudisha ndani ya siku tatu ni kumzoesha mara mbili bila kumaliza hata moja. Usiku 4 hadi 10: njia zote tatu zinawezekana, na karatasi ya mikono ndiyo iamue. Zaidi ya wiki mbili: mlezi mmoja aliye peke yake nyumbani huanza kuchoka, hukosa usingizi, na mtoto huonja uchovu huo. Hapo nyumba ya ndugu yenye watu wazima wawili au watatu hupata nguvu, vivyo hivyo kwenda pamoja.

Usingizi

Anayebaki nyumbani ana kitanda chake, giza lake, na sauti za nyumba anazozijua. Mlezi aandikiwe mpangilio wa jioni kwa mfuatano, kwa mfano: kuoga, nguo za kulalia, kitabu kimoja, wimbo, taa. Mfuatano una maana kubwa kuliko saa yenyewe.

Anayekwenda kwa ndugu apelekewe shuka lake ambalo halijafuliwa, kwa ajili ya harufu, na mwanasesere wake ikiwa ameshapita mwaka mmoja. Kwa aliye chini ya mwaka, hapa ndipo penye hatari halisi ya njia hii: nyumba nyingi hazina kitanda cha mtoto, basi mtoto huwekwa kwenye kitanda cha wakubwa na kuzungushiwa mito asianguke. Mito hiyo inaweza kumziba pumzi. Alazwe chali, juu ya godoro gumu lililonyooka, shuka limebana, pasiwe na mto, blanketi lililolegea wala mwanasesere, na kamwe asilazwe kwenye kochi. Kagua sehemu hiyo kwa macho yako kabla ya kukubali.

Mkienda pamoja na mkavuka majira ya saa, mwili huzoea kwa takriban saa moja kwa siku. Safari ya siku tatu yenye tofauti ya saa sita haina maana kumbadilisha. Mwache aishi kwa saa za nyumbani kadiri ratiba yako inavyoruhusu. Kama mikutano yako inaanza wakati yeye anaamka kwa usiku wake, ujue usingizi utakaokatika ni wako.

Maziwa

Kwa mtoto anayenyonya tu, kigezo hiki kinaweza kumaliza mjadala, kwa sababu kina hesabu isiyobembelezeka. Kati ya mwezi 1 na miezi 6 mtoto hunywa kwa wastani mililita 750 kwa siku, yaani kama mililita 30 kwa kila saa unayokosekana. Saa 72 ni mililita 2,160. Ukikamua mara moja ya ziada kila asubuhi na kupata kama mililita 75, utahitaji siku 29. Basi safari ya siku tatu inaandaliwa mwezi mzima kabla, na bado hujaweka akiba ya yatakayomwagika.

Gandisha kwa mafungu ya mililita 60 hadi 120, yenye tarehe. Yaliyokamuliwa punde hukaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, hadi siku 4 kwenye friji, na kama miezi 6 kwenye friza yakiwa bado bora. Yaliyoyeyushwa kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yapashwe kwa kutumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Maikrowevu hupasha kwa mabaka na kuunguza ulimi. Mabaki ya chupa aliyoanza kunywa yamwagwe baada ya saa 2. Jambo hili la mwisho mlezi mwenye huruma na maziwa yako ndiye hulivunja.

Chupa yenyewe aizoee wiki mbili kabla, akipewa na mtu mwingine huku wewe ukiwa haupo chumbani. Akikunusa, ataikataa. Tumia chuchu ya mwendo wa polepole ili asisongwe.

*Nyumbani*, friza ni yenu na hakuna anayeifungua ovyo. *Kwa ndugu*, maziwa husafiri kwenye boksi la baridi lenye vipande vya barafu, yakikaa humo si zaidi ya saa 24, na friza ya kule huwa ya watu wote. Tafuta kona ya nyuma, mbali na mlango. Katika njia zote mbili, wewe uliye safarini lazima ukamue mara nyingi karibu sawa na anavyonyonya, kila saa 3 hivi mchana. Ukiruka mara mbili, matiti hujaa na kuuma. Ukiendelea kuruka, yanaweza kuvimba na kukuletea homa, na maziwa hupungua. Kwa hiyo omba chumba chenye mlango unaofungwa kabla hujafika, si siku ya mkutano. *Mkienda pamoja*, yote haya yanaondoka, na hakuna njia nyingine inayofikia urahisi huo.

Kwa aliyeacha kunyonya, andika tu anachokula, saa ngapi, na kinachomdhuru.

Ugonjwa

Homa haisubiri urudi, na kosa linalojirudia zaidi ni la kijiko. Parasetamoli ya watoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 120 hadi 180. Sasa tazama chupa. Iliyoandikwa 120 mg/5 ml, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Iliyoandikwa 250 mg/5 ml, ni mililita 2.4 hadi 3.6. Bibi mwenye chupa ya pili anayefuata karatasi iliyoandikiwa ya kwanza atampa mtoto mara mbili ya kipimo, kwa nia njema kabisa. Basi acha chupa yenyewe na sirinji yake, andika mililita pamoja na nguvu ya dawa, na alama ya kalamu kwenye sirinji ioneshe pa kuishia. Kwa aliye chini ya miezi 3, asipewe chochote bila daktari, na joto la nyuzi 38 peke yake linatosha kumpeleka hospitali.

Wa umri wowote apelekwe mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, au akipumua kwa shida. Akiharisha, pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maana si zote ni za lita moja. Baada ya kila choo cha maji, wa chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100, wa miaka miwili na zaidi 100 hadi 200, kidogo kidogo.

*Nyumbani* mzazi anayebaki ana mamlaka kisheria na daktari ni yule yule. Akiwa ni mlezi tu, tatizo linafanana na la ndugu. *Kwa ndugu*, acha barua iliyosainiwa inayomruhusu mtu huyo kumtibu mtoto, kadi ya chanjo, namba ya bima, na uzito wa mtoto wa wiki hiyo. *Mkienda pamoja*, kila kitu ni cha kutafuta upya. Bima yako itaje jina la mtoto. Nchi zinazotaka chanjo ya homa ya manjano huangalia cheti, ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9. Ukisafiri naye peke yako, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako iliyothibitishwa na mwanasheria. Baadhi ya mipaka huiulizia. Ndegeni, mnyonyeshe au mpe chupa wakati wa kupaa na hasa wa kushuka, masikio yasimuume.

Simu

Wazazi hupiga simu wakati wa kulala kwa sababu ndio muda wao. Mara nyingi ndio muda mbaya kuliko wote, kwani mtoto aliyechoka anauona uso wako, unakata simu, na mlezi anabaki na saa nzima ya kilio. Jaribu asubuhi baada ya kula, au mchana katikati ya mchezo. Dakika 3 zinamtosha aliye chini ya miaka miwili. Usimuulize maswali, mwimbie, au msomee kitabu ambacho nakala yake anayo mkononi. Usiku acha sauti uliyoirekodi kabla, dakika 2, mlezi aicheze. Akikataa kuja kwenye simu, asilazimishwe.

Ahadi ya simu ni bora iwe chache na itimizwe. Kwa ndugu simu huwa ndefu na yenye watu wengi, kila mmoja anataka kusalimia. Omba dakika za mtoto ziwe za kwanza. Mnapokwenda pamoja kigezo hiki kinageuka: anayeachwa na kuhitaji simu ni mzazi wa nyumbani, au ndugu zake watoto waliobaki.

Kwa wa miaka mitatu na zaidi, tengeneza mnyororo wa karatasi, kipete kimoja kwa kila usiku, akate kimoja kila asubuhi. Weka kimoja zaidi ya ratiba. Ndege zikichelewa hakuna aliyedanganywa, na ukifika mapema ni sherehe.

Siku ya kurudi

Aliyebaki nyumbani anaweza kukutazama kama mgeni, akakimbilia kwa mlezi. Inauma, na mara nyingi hupita baada ya saa chache au siku chache. Kaa sakafuni karibu naye, usimnyakue, zawadi ibaki kwenye begi mpaka atakapokujia. Mlezi asiondoke siku hiyo hiyo. Abaki hadi kesho yake, la sivyo mtoto amempoteza mtu mwingine siku aliyokupata wewe. Wiki mbili za kung'ang'ania na kuamka usiku si ajabu.

Aliyekuwa kwa ndugu, ukiweza, lala huko usiku mmoja kabla ya kumchukua. Mliokwenda pamoja hamna kukutana upya kwa namna hii, lakini mna ratiba iliyovurugika na mzazi aliyechoka mara mbili. Tenga siku moja ya kutofanya kazi baada ya kutua.

Kwa hali yako

Unanyonyesha, mtoto yuko chini ya miezi 6, na hujaanza kukamua wiki nne kabla: fikiria kwenda pamoja na mtu anayemjua, au kusogeza safari. Maziwa ya kopo ni njia pia, ila yaanze kabla hujaondoka, si siku ya kwanza ya kutengana.

Ana miezi 10 hadi 18 na safari ni ya usiku mchache: abaki nyumbani na mtu mmoja aliyezoeshwa, hata kama kwa bibi kuna nafasi zaidi. Kama huyo bibi ndiye anayemlea kila siku, basi mikono ni ya bibi, na kwa bibi ndiko nyumbani.

Mzazi anayebaki anafanya kazi za zamu: ndugu anashinda. Usimlazimishe mtoto kubaki kwenye kitanda chake huku analazwa na watu watatu tofauti ndani ya wiki.

Una watoto wawili: wasitenganishwe, hata kama kumgawa mmoja huku na mwingine kule kunawapunguzia wakubwa kazi. Kaka au dada naye ni mkono.

Ratiba ya kule imejaa asubuhi hadi usiku: usiende naye. Ratiba ya nusu siku, au ya wiki tatu mahali pamoja: nenda naye ukipata mwenza.

Na ikiwa safari ni ya ghafla, kesho asubuhi, hakuna majaribio wala mwezi wa kukamua: abaki palipo na mtu ambaye mtoto amemzoea zaidi, iwe nyumbani au kwa ndugu. Tumia jioni hii kuandika karatasi tatu, moja ya mpangilio wa kulala, moja ya dawa na mililita zake, moja ya namba za simu na barua ya matibabu. Rekodi wimbo wake. Asubuhi mwamshe umuage.